Jina Ambalo Sikuliita

Hotelini ziwani, Malawi
Jumamosi, baada ya chai ya asubuhi

Kwa mwanangu Kiprono,

Chamgei, mwanangu. Nakusalimu wewe, lakini salamu ya kwanza kabisa si yako, ni ya huyo aliyelazwa hapo Kapkatet, mke wako Chelangat. Mpelekee kitandani, na umwambie asijiinue kujibu. Miguu yake iko namna gani leo? Uvimbe umeshuka hata kidogo? Anakula? Chumvi asionje, hata kwa mboga, hata akilia. Daktari akisema alale kwa ubavu wa kushoto, alale huo, asigeuke ati kwa sababu wageni wamekuja.

Salimia Chepkorir, kitinda mimba wangu. Mwambie nimeota amenyoa nywele zote, na kama ni kweli basi nimejua kwa nini hanitumii picha. Salimia Mama Njoki wa duka, mwambie huku sijapata duka lenye mtu wa kuniuliza habari ya ng'ombe kabla hajaniuliza ninanunua nini. Salimia wamama wa kanisa, na mwenyekiti wao usimruke, anaweka mambo moyoni. Salimia Chelel. Utacheka, lakini mshike shingo umwambie ni mimi, ng'ombe anajua. Maziwa hayajapungua? Na majani ya chai ya upande wa mto mnachuma kila wiki, ama mmeyaacha yamekuwa miti? Mvua ya mawe haijapita huko?

Salimia Senge Esther. Hiyo salamu ya dada ya baba yako uipeleke kwa adabu, uvue kofia, ukae chini kwanza. Najua amenikasirikia. Nitafika kwa hilo jambo.

Sisi tuko wazima. Baba yako ni mzima, mimi ni mzima, mwili hauna shida.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho mwalimu alichonifundisha nacho kushika kalamu kabla sijaacha shule, darasa la nne. Kipsigis yangu iko mdomoni tu, haijawahi kukaa kwa karatasi. Ukiona nimekosea mahali, soma kwa sauti yangu, utaelewa. Na hii barua inakuja hivi: yule fundi wa umeme wa Kedowa tuliyekuja naye, Macharia, mkataba wake umeisha. Kesho asubuhi gari la kampuni litapita hapa hotelini likimpeleka uwanja wa ndege. Ameahidi hatalala Kedowa kabla hajaileta mpaka kwa duka la Mama Njoki. Basi nina leo yote ya kuandika. Juzi kwa simu nilipiga kelele nikasema, "Msiite jina mpaka barua ifike." Hii ndiyo barua. Lakini niache nianzie mbali kidogo, kwa sababu nikianza na hilo sitamaliza.

Unajua huku Malawi, kwa kiwanda chao cha chai, baba yako ni mtu mkubwa. Kwetu alikuwa fundi wa mashine ya kukausha majani, anarudi nyumbani na vumbi la chai kwenye nyusi. Huku wanamwita injinia. Na mimi kwa sababu ni mke wa injinia nikapewa nyumba yenye veranda, na mpishi. Mpishi, Kiprono! Mwanamume mwenye mvi, anaitwa Phiri, ana wajukuu saba. Siku ya kwanza niliamka nikawasha moto kama kawaida, akanikuta napuliza. Akasimama mlangoni kama mtu amefukuzwa kazi. Anajua Kiswahili kwa sababu alikaa Mbeya ujanani. Akaniuliza, "Amayi," ndiyo mama kwa lugha yao, "mimi nimekosa nini?" Nikamwambia hujakosa kitu. "Basi mbona unafanya kazi yangu?" Tukashikana sufuria hapo, yeye anavuta, mimi navuta, mpaka tukacheka. Tulipatana yeye apike na mimi nichambue mboga. Ikifika saa nne asubuhi mboga imekwisha, na siku bado iko nzima mbele yangu kama shamba la mtu mwingine.

Nilibeba kibuyu changu, si ulinifungia mwenyewe kwa sanduku? Lakini senetwet, ule mti ambao mkaa wake tunasugulia kibuyu ndani, sikuuona huku. Nikajaribu mti wa huku. Mursik yangu, maziwa ya kibuyu, ikanuka kama nyumba iliyoungua. Baba yako alikunywa, akasema, "Ni nzuri," halafu akatoka nje akakaa huko muda mrefu.

Na chai yao inalala. Hilo hutaamini. Mwezi uliopita niliamka nikakuta shamba lote kimya, hakuna hata kikapu kimoja. Nikamwuliza Phiri kama wachumaji wamegoma. Akasema hapana, ni baridi, chai imelala mpaka mvua irudi. Sisi kwetu ni nani amewahi kuona chai imelala? Hata Krismasi inachumwa. Nikaenda nyuma ya nyumba nikatafuta vichipukizi, nichume kidogo tu, mikono ikumbuke. Msimamizi akanirudisha kwa upole, ati mke wa injinia hachumi. Basi nakaa veranda. Ile rangi nyeusi ya utomvu iliyokuwa kwa vidole vyangu tangu nikiwa msichana imetoka yote. Naangalia mikono naona ni ya mtu mwingine.

Saa zao ziko nyuma yetu saa moja. Najua ni mambo ya saa tu, baba yako amenieleza na chungwa na tochi. Lakini nikikaa hapo naona kama lolote linalowapata nyinyi limeshapita, na mimi bado nalingoja.

Sasa, kwa vile chai imelala, kiwanda kinafungwa mashine zitengenezwe, na wageni wanapewa likizo. Nilifurahi sana. Tulikuwa tumehesabu, mimi na baba yako, bila kusema. Chelangat aliponiambia kwa simu, "Mama, siku hizi sitaki harufu ya kabichi," nilielewa, nikahesabu kwa vidole chini ya shuka, nikaona likizo inaangukia pazuri. Nikanunua vitenge viwili vya kumbebea. Nikaviweka chini kabisa kwa sanduku, nikafunika na sweta.

Halafu mama wa ofisi akatuita kujaza fomu. Ni mtu mzuri, ana tabasamu. Akauliza kwa Kizungu, baba yako akanitafsiria. Kampuni inalipa tiketi ya nyumbani mwisho wa mkataba tu, mwaka ujao. Ya katikati inalipwa kama kuna jambo: kifo, ugonjwa, ama mtoto anazaliwa. Kama hakuna jambo, wanawapeleka mume na mke ziwani wapumzike. "Sasa anauliza," baba yako akasema, "kama kuna jambo nyumbani." Alisema hivyo akiangalia dirisha.

Kiprono, wewe unatujua. Baba yako atasemaje habari ya tumbo la mke wa mtoto wake, mbele ya mwanamke wa ofisi, na iandikwe kwa fomu? Hata mbele yangu hajawahi kulitaja. Na mimi, baada ya yale yaliyotupata na yule wa kwanza, nitamtaja mtoto ambaye hajafika? Nitamhesabu kwa sauti, na mhuri upigwe? Nilihisi mdomo umefungwa na kamba. Nikasema, "Mwambie wote ni wazima, tunashukuru Mungu." Yule mama akafurahi sana. Akaandika. Akatuambia ziwa ni zuri.

Tulitoka hapo. Njiani baba yako akasema tu, "Haya." Nami nikasema, "Haya." Hivyo ndivyo tulivyokuja likizo.

Hii hoteli usiiulize. Walidhani tumeoana juzi. Tuliingia chumbani tukakuta maua yamemwagwa kitandani, na taulo zimekunjwa zikawa bata wawili wanabusiana. Nikamwuliza msichana wa vyumba aliyetupeleka, hawa bata ni wa nini na sisi tutalala wapi? Akacheka akakimbia. Baba yako aliwashika bata mmoja mmoja akawaweka kwa kiti, polepole, kama watoto waliolala. Alikataa kuwafumua. Mpaka leo tunajipangusa na taulo moja.

Jioni wakatupa meza ya watu wawili karibu na maji, na mshumaa. Nikamwambia mhudumu, "Pole kwa stima kupotea, itarudi saa ngapi?" Baba yako akatafsiri. Yule akasema stima iko. Sasa mshumaa ni wa nini? Ni wa mapenzi, baba yako akasema, na akaangalia sahani. Miaka thelathini na nne nimempikia huyo mzee, lakini kukaa tumetazamana uso kwa uso, hakuna mtoto katikati, hakuna mgeni, hakuna redio, hiyo hatujawahi. Nikaona ana kovu dogo chini ya jicho sikulijua. Nikamwuliza ni la lini. Akasema, "La kabla yako." Tukala samaki mwenye kichwa na macho yote.

Asubuhi baba yako akavaa kaptula. Arap Koech, kaptula! Nikamwambia, "Unatembea hivyo mbele ya watu?"

"Watu gani? Hapa nani ananijua?"

"Mimi nakujua."

Akaenda hivyohivyo. Magoti yake yamepauka kama viazi vilivyomenywa. Lakini hakufika majini. Alisikia pampu ya tangi inalia vibaya nyuma ya jikoni, akaacha viatu mchangani akaenda kuifungua. Siku mbili likizo yake ilikuwa ndani ya hiyo pampu. Mimi nami nililetewa chai: maji ya moto kwa kikombe, mfuko wa karatasi kwa uzi, na maziwa baridi pembeni. Watu wanaishi na chai mlangoni na wanaifunga kwa uzi! Nikaingia jikoni kwao nikaomba sufuria, nikachemsha maziwa na majani na sukari pamoja mpaka ikapanda mara tatu. Wapishi wote walikunywa. Sasa wananiita Amayi Chai na wananiachia jiko saa mbili asubuhi. Hapo ndipo nimepumzika, mwanangu, hapo kwa moto. Kwingine kote nimekaa tu.

Ni wapishi hao walionionyesha kwamba simu inashika nyuma ya jikoni, pale kwa tangi. Juzi nikapanda hapo na simu, baba yako akiwa chini ya pampu, mikono yote grisi. Ndipo ujumbe wako ukaingia: "Mama, Chelangat amelazwa presha miguu imevimba wanasema wanaweza kumtoa mtoto mapema."

Nilisoma mara tatu. Nikampa baba yako, akasoma akiwa bado amelala chini. Akasimama. Akajipangusa kwa hiyo kaptula. Halafu akaniuliza, Kiprono, kwa sauti sijawahi kuisikia:

"Rael, kwa nini hukusema pale ofisini?"

"Wewe kwa nini hukusema?"

"Mimi ni baba yake mkwe!"

"Na mimi nilizika wa kwanza kwa mikono hii."

Akachukua simu, akampigia bosi, akamwambia yote kwa Kizungu. Nilisikia neno la mtoto, na nikaona ameinamisha kichwa kwa aibu. Lakini alisema. Bosi alikuwa mwema, alisema pole, alisema, "Mngenieleza mapema." Sasa tiketi mpaka ipitishwe ofisi kubwa, inachukua wiki. Na pasipoti yangu imepelekwa kuongezewa kibali, haijarudi, na bila hiyo hata mpaka sivuki. Nikamwuliza baba yako, na nikitembea? Akasema, "Utatembea mpaka wapi, Rael." Hakuuliza, alisema tu. Akarudi chini ya pampu.

Ndipo nikakupigia. Na wewe, mwanangu, ukaniweka kwa spika kama kawaida yako, nikasikia watu wengi nyuma, nikasikia Senge Esther anasema, "Asiwe na wasiwasi, mtoto akifika tutamwita jina wenyewe, majina ya kwetu nayajua." Nikapiga kelele, "Msiite jina mpaka barua ifike!" Na nikasikia Senge: "Huyu ameenda majuu sasa anafikiri tumesahau watu wetu?" Halafu ikakatika. Nimepanda hapo kwa tangi mara ngapi tangu hiyo siku. Ikishika, hushiki wewe. Ukishika, kuna watu.

Sasa nafika. Ukae chini nawe.

Unakumbuka tulivyomwita jina yule msichana wenu wa kwanza. Mchungaji hakupenda, lakini hakukataza, alisema ni mambo ya wamama. Nilikaa na mtoto magotini, Chelangat karibu yangu, na wamama wa jirani, na unyasi wenye ugoro kidogo wa kumgusa pua. Mimi ndiye niliyekuwa nikitaja waliotangulia wa nyumba ya baba yako, mmoja baada ya mwingine, ili anayerudi ndani ya mtoto ajulikane kwa jina analolipigia chafya. Senge Esther hakuwepo. Siku hiyo alikuwa hospitalini Kaplong kwa jicho lake. Nilitaja, nikataja, mtoto ananiangalia tu. Wamama wakaanza kutazamana. Mwisho akapiga chafya ndogo kwa jina la dada ya babu yako, tukapiga vigelegele, tukanywa chai. Wewe ulikuwa nje unapasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Jina moja sikulitaja. Nililiruka, na nilijua naliruka. Ni la Kogo Taprandich, mama ya baba yako.

Wewe unamkumbuka akiwa mzee, anakugawia sukari nguru. Mimi nilimjua kabla. Nilipoletwa nikiwa msichana wa miaka kumi na minane, alimwaga mursik yangu ya kwanza mbele ya wageni, akasema mkono huu haujui kusafisha kibuyu. Alinirudisha kwetu mara mbili. Nikipita na maji anasema kwa sauti, nani alituletea huyu. Nilivumilia kwa sababu baba yako alikuwa ananiletea viatu kimyakimya. Halafu akaugua, na mabinti wote wako kwao, ni nani alimwosha? Ni mimi. Miezi saba. Siku ya mwisho alinishika kifundo cha mkono, akaniambia, "Rael, nitarudi kwako." Kiprono, niliogopa. Nikafikiri hata akifa hajamaliza na mimi. Nikajiapiza moyoni kwamba nyumbani mwangu hatarudi, kama mlango uko mikononi mwangu. Na siku ile mlango ulikuwa mikononi mwangu.

Senge aliporudi kutoka Kaplong, jicho limefungwa bandeji, kitu cha kwanza aliniuliza, "Mlimwita Mama?" Nikamwambia, "Nilimwita, hakujibu."

Nilimdanganya mtu mwenye jicho moja. Alikaa chini akalia, akasema, "Mama amekataa mtoto wa Kiprono."

Miezi miwili baadaye mtoto akaondoka. Daktari alisema ni mapafu. Nilisikia, na naamini daktari, nilikuwa nimesimama hapo. Sikuandikii kusema ni mimi. Sikuandikii pia kusema si mimi. Nimeomba kanisani, nimefunga, nimemwambia Mungu yote, jina kwa jina. Lakini mtu niliyemdanganya si Mungu. Na tangu hapo Senge amesema wazi, mara nyingi, wewe umemsikia: Mama alishakataa, sitamwaibisha kumwita tena. Kwa hivyo safari hii jina hilo litarukwa tena, na safari hii litarukwa na binti yake mwenyewe, kwa sababu ya uongo wangu. Hiyo ndiyo siwezi kukaa nayo hapa kwa viti vya kulala vya hoteli.

Nilifikiri nitasema mwenyewe. Nilifikiri nitafika na vitenge vyangu, nimshike Senge mkono nyuma ya nyumba, nimwambie, halafu tukae pamoja tumwite mtoto. Yote nilikuwa nimeyapanga. Sasa nimekaa kando ya maji ya watu, nimeolewa upya na bata wa taulo, na kitu pekee ninachoweza kufanya ni kuandika.

Basi nakuomba, mwanangu, na si kazi ya mwanamume lakini sina mwingine. Chukua hii barua uende kwa Senge Esther. Usimsomee mbele ya watu. Msomee kuanzia pale nilipoandika "sasa nafika," mpaka hapa. Akikasirika mwache akasirike, usinitetee. Akisema hataki kuniona tena, mwambie mama amesema sawa. Lakini mtoto akishafika, na Chelangat akisharudi nyumbani, mwambie amwite Kogo Taprandich. Amwite wa kwanza kabisa. Amwite yeye, kwa sauti ya binti yake, si yangu.

Nimekuwa nikifikiri sana hapa kwa vile sina mboga ya kuchambua. Ule mkono alionishika ile siku, haukuwa wa mtu anayetisha. Mtu anayetisha anakaza. Yeye alishika kama mtoto anayevukishwa mto. Mimi nilikuwa na hasira ya miaka mingi, sikuusikia mkono, nilisikia maneno tu. Labda hakuwa ananiambia. Labda alikuwa ananiomba.

Jana nilimwambia baba yako haya yote, pale kwa tangi. Ni mama yake. Nilingoja anipige na maneno. Alifunga nati mbili zaidi, akawasha pampu, ikanguruma vizuri, maji yakapanda. Halafu akasema, "Alikuwa na mdomo mbaya, Mama." Akajipangusa grisi. "Mwandikie Kiprono." Akashuka akaenda kukaa ufukweni na kaptula yake, na mimi nikaenda nikakaa karibu. Tuliingiza miguu kwa maji, yote minne. Ni baridi kuliko unavyofikiri.

Jumapili asubuhi.

Sikuwa nimemaliza, na gari la Macharia limefika, dereva anakula jikoni kwa Amayi Chai, nimempa mkate wa ziada asiharakishe. Nampa Macharia vitenge viwili pamoja na barua. Kimoja cha kijani ni cha mtoto. Kile cha maua ni cha Senge Esther, mpe baada ya kusoma, si kabla, asifikiri namhonga.

Mwambie Chelangat asinisikie vibaya kwamba siko. Mwambie kila saa yake mimi naingoja saa moja baadaye, siipiti hata moja. Mwambie Chepkorir alale naye hospitalini wakikubali, na asimsomee mambo ya presha kutoka kwa simu. Salimia tena Mama Njoki aliyekupa hii barua. Baba yako anakusalimu, anasema uangalie paa la zizi, na anasema, nami nimeshangaa, umwambie Chelangat ajikaze. Ametaja jina lake.

Ni mimi mama yako,
Rael

Niandikie upesi, Kiprono. Usingoje mpaka mambo yawe mazuri ndipo uandike. Usipige, simu inakatika pale pa muhimu. Tuma maneno, nitapanda kwa tangi asubuhi, mchana na jioni kuyatafuta, na tukirudi mashambani Phiri anajua mahali pa kusimama simu ishike. Niambie kwanza kama mama na mtoto wako wazima. Halafu niambie ni kwa jina gani amepiga chafya. Hata kama si lake. Hata kama Senge amekataa kuliita. Niambie tu, haraka, nisikae bila kujua.